Mukono wa Furaha Ulikufa Kwenye Kontwari Yangu

Kosa ni langu peke yangu, na sitafuti muntu wa kugawana naye. Jina langu sitalitia hapa. Si uoga. Uvira ni mji mudogo, na wanaonijua watanitambua kabla ya kufika katikati ya hii habari.

Weye usiyenijua, unijue kidogo. Minye nilisoma mpaka pale mwalimu alipochoka na minye. Nikaenda bandarini Kalundu kubeba mifuko: chumvi, simenti, mahindi. Kila kitu nilicho nacho, mugongo wangu ndio ulikinunua. Kutoka mifuko nikaingia kuuza bitenge na viatu, nikajenga duka Rugenge kando ya barabara kubwa, na ndani ya duka nikasimamisha kontwari ya mbao ngumu, ndefu mpaka hapa kifuani, kwa sababu muuzaji wa bitenge anauza akisimama. Ile kontwari nilikuwa naipenda kuliko ndugu zangu wengine. Haikuniomba kitu hata siku moja.

Bitenge vilipoacha kununuliwa, nikaona watu wanapanga mustari mbele ya zile biro za kupigisha barua na kutoa fotokopi. Nikasema, na minye nifungue sekretaria. Nikanunua ordinateri, hiyo kompyuta, na klavie yake ya kupigia herufi, na imprimanti ya kutoa karatasi. Kusoma sijui vizuri, lakini kununua najua.

Wa kuzitumia nilikuwa naye ndani ya familia. Furaha ni mutoto wa mudogo wangu aliyekufa. Alikuwa amemaliza masomo, na vidole vyake vilikuwa vinakimbia kwenye klavie mpaka wateja wanaacha kuongea ili wasikilize. Minye ni baba yake mukubwa. Kwa kuwa baba yake hayuko, baba ni minye.

Sasa sikia ujinga ulivyoanza.

Ordinateri niliiweka juu ya kontwari. Meza nyingine ya nini, wakati kontwari iko? Na kiti je? Nikachukua kibenchi cha chini, kile ambacho wateja walikuwa wanakalia wakijaribu viatu. Nikamukalisha Furaha pale. Kidevu chake kilikuwa kinafika kwenye klavie kama mutoto anayechungulia sahani ya wakubwa. Mikono iko juu, mabega yako kwenye masikio, shingo imerudi nyuma inatafuta ekra, kile kioo cha ordinateri. Minye nikarudi nyuma kidogo, nikatazama, nikasema: sasa hii ni biro.

Dirisha letu linaangalia barabara na ziwa. Jua la asubuhi linatoka upande wa Burundi, linapita juu ya maji, linaingia moja kwa moja ndani ya macho yake. Akaomba rido, pazia la kuzuia jua. Nikakataa. Nilitaka wapita njia wote, na watu wa pikipiki, waone kama muzee asiyejua kuandika barua iko na mashini zinawaka ndani. Ukiweka rido utajivuna na nini? Furaha akawa anapiga huku macho yanatoa machozi. Wateja wengine walikuwa wanaingia polepole, wanauliza kwa sauti ya chini kama tuko na kilio.

Alivumilia. Halafu akaanza kusema.

"Baba mukubwa, hii kontwari inaniuma shingo."

"Kontwari haina meno."

"Na vidole vinakufa ganzi. Hiki kikubwa, na hivi viwili vya pembeni yake."

"Minye nilibeba simenti weye haujazaliwa. Ulisikia siku moja nalia vidole?"

"Simenti ulikuwa unaibeba, unaitua, baba mukubwa. Hii minye siitui."

Lile jibu lilikuwa na akili. Ndiyo maana lilinikasirisha.

Siku nyingine nikamukuta amepandisha kibenchi juu ya matofali, na kipande cha kitenge amekikunja chini ya mikono. Kwa mara ya kwanza tangu nifungue ile biro, alikuwa amekaa kama muntu. Unafikiri nilimusifu? Nilimusimamisha, nikatoa matofali moja moja mbele ya wateja, nikasema: "Wengine wanalipwa kwa kukaa, na bado wanataka kukaa vizuri." Wateja wakacheka. Nilikuwa napenda sana watu wakicheka maneno yangu. Ule nao ni ugonjwa, na hauna dawa kwenye farmasi yoyote.

Kusimama nako nilikataza. Furaha akiinuka kunyoosha mugongo, nilikuwa nakohoa. Nikikohoa mara moja, anakaa. Nilijiona kama bosi mwenye ufundi, muntu anaongoza biro nzima kwa kikohozi.

Akaenda kituo cha afya bila kuniomba ruhusa. Akarudi na maneno ya muganga.

"Muganga anasema mishipa inabanwa hapa kwenye kifundo cha mukono na hapa kwenye shingo. Anasema klavie ishuke, ekra iwe mbele ya macho, nikae na kitu cha kuegemea. Na nikisha kupiga muda, nisimame, niangalie mbali."

"Uangalie mbali?"

"Ndiyo, baba."

"Basi angalia Burundi. Iko pale ng'ambo, ni bure."

Biro nzima ikacheka. Furaha hakucheka. Aliangalia Burundi kweli, muda murefu, halafu akarudia kazi.

Sasa nifike kwenye dote, siku ya mahari.

Kijana mumoja wa Mutarule, kule kwenye uwanda wa Ruzizi, alikuwa amemupenda Furaha. Anaitwa Bahati, kwao wanalima muchele, ni watu wa heshima. Mazungumzo yalikwenda vizuri, wakapanga siku ya kuja kutoa mahari. Na siku moja kabla yake, weye ona bahati yangu mbaya, au ona tamaa yangu, mwanafunzi akaingia bironi na kazi yake ya kumaliza shule, rundo la makaratasi, anataka itoke ileile siku.

Furaha akanivuta pembeni. "Baba mukubwa, leo nisaidie. Mama iko peke yake na vyungu. Na mukono huu tangu jana haunisikii."

"Mukono utapumzika kwa bwana yako," nikamujibu. "Piga."

Akapiga. Alipiga mpaka tukawasha taa. Minye nilikaa pale mulangoni, napiga hesabu ya viti vya wageni, huku nakohoa.

Kwetu, siku ya dote musichana hajibu kwa kinywa tu. Baba anamuuliza mbele ya watu wote: hawa wageni unawajua? Tukunywe kinywaji chao? Yeye anapokea gilasi kutoka kwa wageni, anapiga magoti, anamupa baba kwa mikono miwili. Baba akikunywa, mambo yamekwisha. Gilasi ndiyo jibu lake. Kwa kuwa nusu ya familia ni walokole, ndani ya gilasi ilikuwa Fanta.

Nilimuuliza. Akachukua gilasi, akaja, akapiga magoti vizuri kabisa, akanyoosha mikono. Na pale mbele yangu nikaona vidole vyake vya kuume vinafunguka. Havikutetemeka. Vilifunguka tu, kama vya muntu aliyelala. Gilasi ikaanguka, ikavunjika, Fanta ikaniingia ndani ya viatu.

Msemaji wa wageni akasimama. "Muzee, mutoto amekataa?"

"Sijakataa," Furaha akasema haraka, bado iko kwenye magoti. "Ni mukono. Mukono umekufa."

Bironi lile neno lingeeleweka. Mbele ya wakwe lilikuwa sumu. Nikasikia mashangazi wa Bahati wananong'ona: umekufa tangu lini? Ni kifafa? Ni mambo ya ukoo? Na watoto watazaliwa namna gani?

"Muzee," msemaji akaniuliza tena, kwa adabu, "huu ugonjwa uko ndani ya familia?"

Kibenchi kilikuwa ujinga. Ujinga unasameheka. Kilichofuata hakikuwa ujinga.

Nilikuwa na jibu tayari kinywani. Lilikuwa fupi: hapana, ni kazi yangu ndiyo imemufanya hivi. Mwenyewe nilikuwa nimeambiwa na muganga, kwa kinywa cha huyuhuyu aliyepiga magoti. Lakini nilikuwa nimevaa koti, nimekaa mbele, wakwe wamesikia kama minye ni muzee mwenye biro na mashini. Niseme nini, kwamba mutoto wa ndugu yangu nilimukalisha kwenye kibenchi cha viatu?

Nikajibu: "Kwa upande wetu hakuna. Kwa upande wa mama yake, sijui."

Mama Furaha alikuwa amekaa pale kwenye mukeka, pamoja na wamama wengine. Mujane. Alinitazama. Hakufungua kinywa, kwa sababu siku ile wa kusema nilikuwa minye. Wale waliokaa karibu naye wakasogea mbali naye kidogo, kidogo tu, lakini niliona.

Wakwe wakasimama. Walisema watarudi wakishajua zaidi. Kwetu, hilo neno kila muntu anajua maana yake. Bahati akafuata wazee wake, anageuka, anatembea, anageuka tena. Furaha alikuwa anaokota vipande vya gilasi kwa mukono wa kushoto.

Jumatatu hakuja kazini. Aliyekuja ni mama yake. Wateja walikuwa wamejaa mpaka nje, na minye niko nyuma ya kontwari natazama ekra kama ng'ombe anayetazama kanisa.

"Shemeji, Furaha iko wapi? Watu wanangoja."

"Furaha iko nyumbani. Anaosha vyombo na mukono mumoja."

"Atapona. Ni uchovu ule."

"Leo ni uchovu? Juzi ilikuwa ukoo wangu."

Wateja walikuwa wanasikiliza, na safari hii hapakuwa na kitu cha kuwachekesha.

"Ulitupa ugonjwa ndani ya nyumba yangu mbele ya watu," akasema. "Uende uuokote."

Akatoka. Siku ileile nikapanda pikipiki kwenda Mutarule.

Njiani nilipanga maneno mazuri. Nilifikiri nitafika, nitakohoa kidogo, nitaeleza, tutakunywa kitu, nitarudi. Nikamukuta baba Bahati amerudi kutoka shambani, miguu bado iko na matope ya muchele, na mama yake, bibi wa kijana, mwanamuke muzee sana, amekaa na ungo anachagua mawe ndani ya muchele.

Nikawaambia. Si ugonjwa wa ukoo. Ni kazi. Ni namna nilivyomukalisha huyu mutoto.

Baba Bahati akacheka. "Muzee, muntu anaumia kwa kukaa? Sisi tuko ndani ya maji tangu asubuhi, tumeinama. Hatujafa mikono. Weye unasema kukaa?"

Yalikuwa maneno yangu yenyewe, yamepata tu kinywa kingine. Majibu yote nilikuwa nimeyazoea kutoka upande ule wa pili.

Yule bibi akaweka ungo chini. "Kama ni kukaa," akasema, "kaa tuone."

Akawaambia wajukuu wapange mifuko ya muchele, mmoja juu ya mwingine, mpaka inifike kifuani kama kontwari. Akaleta kile kiti chake kidogo cha kukalia akisonga bugali. Akaniuliza kila kitu: mikono inakuwa wapi? Macho yanaangalia wapi? Nikamuonyesha. Akaniambia nikaze macho kwenye kalenda ya kanisa iliyokuwa juu ukutani.

"Sasa vidole vicheze. Minye naenda kusonga bugali. Nikileta chakula utaacha."

Nilikaribia kucheka. Bugali ni kitu cha muda gani? Sikujua kama maji yalikuwa bado kuwekwa motoni. Sikujua pia kama mboga ilikuwa ni maharagwe.

Mwanzo nilicheza vidole kwa furaha, watoto wakaja kuzunguka. "Babu anapiga kinanda cha kanisa," mumoja akasema, wengine wakaimba. Nikaimba nao kidogo. Halafu nikaacha kuimba. Mabega yalianza kuwa mazito kama yamewekewa kitu. Shingo ikashika moto. Nikashusha mikono, na bibi akapiga kelele kutoka jikoni bila hata kugeuka: "Weye muzee, wateja wanangoja." Nikapandisha. Mbele ya macho yangu tarehe za kalenda zikawa zinatembea kama siafu. Halafu vidole vile vile, kile kikubwa na viwili vya pembeni, nikawa sivisikii vizuri.

Minye, muntu wa simenti, nilikuwa naomba Mungu maharagwe yaive.

Yalipoiva, akaleta maji ya kunawa ndani ya kikombe. Nikakishika. Maji yote yakamwagikia suruali.

Bibi akakaa chini mbele yangu. "Huyu binti alifanya hivi leo na kesho?"

"Kila siku, mama. Tangu amalize masomo."

"Alikuambia?"

"Aliniambia."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimesimama pale mbele yake," nikasema. "Nachekesha watu."

Baba Bahati akatazama matope ya miguu yake. Bibi akanisukumia sahani. "Kula. Halafu utarudi useme haya yote palepale uliposema yale mengine. Si hapa kwangu. Hapa hatukuumiza muntu."

Walirudi kwetu, wale wale, na wamama wale wale kwenye mukeka. Nilisimama na nikasema: ugonjwa hautoki kwa mama yake, unatoka kwenye biro yangu, nilijua, na nilisema uongo juu ya mujane ili koti langu lisichafuke. Mashangazi walinitazama kama muntu anatazama samaki aliyelala sokoni mpaka jioni. Sikufurahia. Kama kuna muntu anakuambia kuungama kunaburudisha, hajaungama mbele ya wakwe.

Kinywaji walikiweka ndani ya kikombe cha plastiki. Furaha akakileta, na safari hii hakikuanguka. Wakaoana.

Sasa weye utasema: basi, yamekwisha vizuri. Hapana. Mukono haujarudi. Muganga anasema mishipa ilibanwa muda murefu, labda itafunguka, labda sehemu tu. Sufuria nzito bwana yake ndiye anaitua motoni. Kufunga vifungo vya nguo anafunga na kushoto. Yule aliyekuwa anakimbia kwenye klavie, leo akiandika jina lake mukono unamulala katikati ya jina, anaupunga hewani, anamalizia.

Nilimuita seremala akate miguu ya kontwari. Akaniuliza mara mbili kama niko na akili zangu. Nikamuambia kata. Niliweka rido. Nikaleta kutoka Bujumbura kiti chenye mugongo, cha kupanda na kushuka, na ekra nikaipandisha ikawa sawa na macho. Kila kitu muganga alichosema, neno kwa neno. Halafu nikamutumia Furaha habari aje aone. Nilijivuna kabisa, sitadanganya. Nilifikiri atarudi.

Alikuja na Bahati. Akakaa. Miguu yake ikafika chini, viwiko vikawa sawa na klavie, mugongo ukaegemea. Akaweka vidole. Vya kushoto vikaanza, vile vile kama zamani. Vya kuume vikabaki vinatazama. Akavitazama na yeye. Halafu akavitoa polepole, akaviweka juu ya magoti.

"Kiti ni kizuri, baba mukubwa," akasema. "Umutafute muntu wa kukaa."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningepata la kujibu.

Basi nakuambia weye mwenye sekretaria, mwenye depo, mwenye biro ya kanisa au ya shule, weye unayetembea nyuma ya wafanyakazi mikono iko mugongoni kama komanda. Leo nenda ukae pale wanapokaa. Si kwa kupigwa picha. Kaa mpaka kazi iishe, na uone kama utashika kikombe. Na usiniambie ulilima, ulibeba, uliteseka. Tuliteseka, ndiyo. Hakuna aliyetutuma tuwarithishe watoto mateso kama shamba.

Na weye kijana unayekaa mbele ya ekra, ukisikia vidole vinakufa, usingoje muzee aache mizaha yake. Hataacha. Simama. Sema mbele ya wateja, sema mara ya pili, na akikohoa, acha akohoe.

Minye nilikuwa najua kazi ya jasho tu. Kumbe kuna kazi inamula muntu bila kumutoa hata tone la jasho, na bosi iko pembeni anaitazama inakula, anasema ni uvivu.

Siku hizi kuna binti mwingine kwenye kile kiti. Wateja wa zamani wakiingia wananiuliza yule aliyekuwa anapiga haraka ameenda wapi. Nawajibu kwa sauti, hata kama biro imejaa: nilimuharibia mukono. Halafu nawaambia wangoje kidogo, maana huyu mupya ametoka nje kunyoosha mugongo, na atarudi akimaliza.